Nani hasa anayezurura?

Siku moja nikiwa Moa, kijiji cha wavuvi katika wilaya ya Mkinga, kaskazini kabisa mwa pwani ya Tanga karibu na mpaka wa Kenya, nilimsikia ofisa mmoja aliyetoka mjini akitoa hukumu. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Wanaume kama kumi hivi walikuwa wameketi kivulini, wengine wakitengeneza nyavu, wengine wakizungumza, na wengine wametulia tu wakiitazama bahari iliyokuwa imekupwa mpaka mbali na kuyaacha madau yamelala ubavu juu ya mchanga. Ofisa yule akatikisa kichwa, akasema: "Ndiyo maana hatuendelei. Saa nne hii, watu wazima na akili zao wanazurura tu."

Mzee mmoja, bila ya kuinua macho kutoka katika wavu wake, akamjibu kwa upole: "Mwanangu, sisi twangoja maji. Yakijaa hutatuona hapa. Na wewe, wangoja nini?"

Ofisa hakuwa na jibu, kwa sababu naye alikuwa akingoja. Alikuwa akingoja mkutano uliopangwa kuanza saa mbili, ambao mgeni wake rasmi hakuwa amefika, na hapakuwa na mtu aliyejua angefika lini. Watu wawili walikuwa wakingoja mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Mmoja aliitwa mzururaji. Mwingine aliitwa mtumishi wa umma aliye kazini.

Jambo hili, ndugu msomaji, si la kucheka na kulipita. Ndani yake limo swali ambalo sisi tuliosoma, tuliopewa kalamu, mihuri na chaki, tumelikwepa kwa miaka mingi: ni nani hasa anayepoteza wakati wa nchi hii?

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili tunacho kitenzi "kuzuru", maana yake kwenda kumtembelea mtu au kufika mahali kwa heshima. Wageni wa taifa huzuru mikoa, na waumini huzuru makaburi ya wacha Mungu. Ongeza silabi moja tu mwishoni, useme "kuzurura", na yule mgeni mheshimiwa anageuka mtu wa kushukiwa, anayekwenda huku na huko bila ya shughuli maalumu. Hata hivyo, katika maisha ya kawaida ya watu wetu, kuzurura halikuwa kosa la jinai. Lilikuwa neno la mama kumkanya mwanawe anayechelewa kurudi nyumbani. Aliyelipa pingu na rungu neno hilo ni mkoloni, na alifanya hivyo kwa kulitwika mzigo wa kitenzi chake mwenyewe, nacho ni "loiter".

Kitenzi hicho cha Kiingereza kina historia inayofaa kujulikana na kila mtumishi na kila mwalimu. Wataalamu wa asili ya maneno hukifuatilia mpaka katika Kiholanzi cha kale, ambako kilikuwa na maana ya kutikisika kwa kitu kisichokaza: kuchezacheza, kuyumba, kama litikisikavyo jino bovu katika ufizi. Kwa Kiswahili fasaha tungesema kulegalega. Waingereza walilipokea neno hilo katika karne ya 15, wakalitumia kwa maana ya kukawia, kusimamasimama na kupoteza wakati. Kwa hiyo, hapo lilipozaliwa, neno hilo halikumhusu mtu aliyesimama bila kazi. Lilihusu kitu kilichopaswa kukaza na kushika, lakini hakishiki. Namwomba msomaji aiweke maana hiyo akilini, kwa sababu nitairudia.

Wenye mali wa Uingereza hawakungoja neno hilo ndipo waanze kuwaandama wanyonge. Mwaka 1349, baada ya tauni kuu kuua sehemu kubwa ya watu wa nchi hiyo, vibarua walikuwa wachache, na waliobaki hai walidai ujira mkubwa zaidi. Mfalme Edward wa Tatu akatoa amri kwamba kila mwenye nguvu aliye chini ya umri wa miaka 60, asiye na ardhi wala shughuli ya kujitegemea, amtumikie yeyote atakayemhitaji, tena kwa ujira wa zamani. Aliyekataa alifungwa. Karne kadhaa baadaye, vita dhidi ya Napoleon vilipomalizika mwaka 1815, askari waliokuwa wameimwagia damu nchi yao walijikuta barabarani bila kazi wala makao. Jibu la Bunge la Uingereza lilikuwa Sheria ya Uzururaji ya mwaka 1824, iliyowagawa maskini katika mafungu ya wavivu, walaghai na wazururaji, na kuwapa mahakimu uwezo wa kuwafunga na kuwapa kazi ngumu. Tazama ukweli ulio wazi hapa. Tangu mwanzo, kosa la mzururaji halikuwa kupoteza wakati wake. Kosa lake lilikuwa kutomuuzia tajiri wakati huo kwa bei aliyoitaka tajiri.

Fikra hiyo hiyo ndiyo iliyopakiwa melini ikaletwa Afrika. Sisi wa mkoa wa Tanga tuna ushahidi wake nyumbani. Katika miaka ya utawala wa Wajerumani, huko Usambara, katika wilaya waliyoiita Wilhelmstal ambayo leo ni Lushoto, kila mwanamume alipewa kadi iliyomlazimisha kumfanyia mlowezi kazi kwa siku 30 katika kila miezi minne. Mtu huyo alikuwa na shamba lake, ana mifereji ya kuitunza, ana ng'ombe wa kuwakamia watoto. Mbele ya mwenye kadi, hayo yote hayakuwa kazi. Siku ambayo hakuiuza kwa mlowezi ilihesabiwa kuwa imepotea.

Waingereza walipochukua nchi hawakuifuta fikra hiyo. Mkonge, ulioletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893, ulihitaji mikono, na mikono ikakusanywa kutoka Songea, Kigoma, na hata Rwanda na Burundi. Watu waliondolewa majina wakapewa namba, na kutokana na namba hizo wakaitwa manamba. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kazi, na hakulipwa mshahara wa mwezi mpaka siku 30 za kazi zijae katika kipande hicho. Mwaka 1930 Tanganyika ikapewa Kanuni ya Adhabu yenye vifungu juu ya watu wavivu, walaghai na wazururaji, vikifuata kwa karibu mtindo wa ile sheria ya mwaka 1824. Na mwaka 1944 ikatungwa sheria ya kuwaondoa mijini watu waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Mwafrika aliyekutwa mjini bila ajira inayotambuliwa na serikali ya kikoloni aliweza kurudishwa kwao kama mzigo uliokosewa anwani.

Ingekuwa rahisi kukomea hapo, tukamlaani mkoloni, tukapiga makofi. Lakini mwandishi anayemlaani aliyekwisha kuondoka, huku akimnyamazia aliyeko, anafanya kazi nyepesi. Tujitazame na sisi.

Mwaka 1983 nchi ilikuwa katika hali ngumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula akiba yetu, mafuta yalikuwa ghali, na sabuni, sukari na unga vilipatikana kwa foleni. Katika mwaka huo ikapitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, ambayo lengo lake lilikuwa kwamba kila mwenye uwezo wa kufanya kazi afanye kazi. Lengo hilo halikuwa baya. Nchi maskini haiwezi kujengwa na watu waliokunja mikono. Lakini utekelezaji wake ulifuata njia iliyokwisha kuchongwa na mkoloni. Oktoba 1983, katika jiji la Dar es Salaam, watu walisimamishwa barabarani wakadaiwa vitambulisho, na wasiokuwa navyo wakakamatwa wakapelekwa vijijini. Wengi wao walirudi mjini, kwa kuwa tatizo lililowaleta halikuwa uvivu. Na hapa naomba tujiulize kwa unyofu: katika mwaka ambao mama alisimama foleni tangu alfajiri mpaka adhuhuri ili apate mche mmoja wa sabuni, nani alikuwa mpotezaji wa wakati? Ni yeye, au ni mpangaji wa ugawaji aliyekuwa ameketi kivulini?

Lipo jambo moja la kuona haya zaidi. Ile sehemu ya sheria ya Waingereza iliyowaruhusu polisi kumkamata mtu kwa kumshuku tu, kwa sababu amesimama au amepitapita mahali, ilifutwa huko Uingereza mwaka 1981, baada ya vijana weusi wa London kuandamwa kwayo mpaka hasira zikalipuka Brixton. Mwenye nguo aliivua mwaka 1981. Sisi mwaka 1983 tulikuwa bado tunajipimia.

Watakuwapo watakaosema kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lenyewe liliwakaripia wanaopoteza wakati. Ni kweli. Azimio lilisema wazi kwamba nguvu za wanaume wengi vijijini na wanawake wengi mijini zilikuwa zikipotea katika mazungumzo, ngoma na ulevi. Lakini Azimio lilisema hayo katika kuwaita wananchi wajitegemee kwa juhudi na maarifa yao, na wala halikuwaita polisi. Tena, miaka minne tu baadaye, Mwongozo wa mwaka 1971 uliwageukia viongozi na kuwakataza kiburi, ufujaji na dharau kwa wananchi. Waliosoma nusu ya kwanza na kuisahau nusu ya pili hawajamaliza kusoma.

Sasa turudi Moa, tukamtazame yule anayeitwa mzururaji jinsi anavyoutumia wakati wake.

Mvuvi hafanyi kazi kwa saa ya ukutani. Maji ya bahari hayaji kwa wakati mmoja kila siku. Leo yakijaa saa tano, kesho yatajaa karibu na saa sita. Mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua, maji makubwa yanayojaa sana na kupwa sana. Katika siku hizo chache za maji kupwa ndipo wanawake wakulima wa mwani wanapoingia baharini kufunga na kuvuna. Baada yake huja maji mafu. Pepo nazo zina zamu zake: kaskazi kwa miezi yake, kusi kwa miezi yake. Mtu anayeishi kwa hesabu hizo anajua thamani ya wakati kuliko sisi tunaolipwa mwisho wa mwezi, mvua inyeshe, jua liwake. Akiikosa bamvua moja, atangoja majuma mawili. Hakuna barua ya maelezo atakayoiandikia bahari ikamsamehe.

Basi msikilize mmoja wao. Mvuvi huyu alihitaji leseni, kwa kuwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 haimruhusu kuvua bila ya leseni, naye hakutaka kuivunja sheria. Alikwenda katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, kwa sababu mkasa huu ungeweza kutokea katika nyingi. Mara ya kwanza alilikuta koti juu ya kiti. Akaambiwa bwana ametoka kidogo. Hicho kidogo kilimalizika saa tisa na nusu alasiri, ofisi ilipofungwa. Mara ya pili alimkuta bwana mwenyewe, lakini muhuri ulikuwa kwa mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa kikaoni. Mara ya tatu muhuri ulikuwapo na mwenye muhuri alikuwapo, ila mtandao ulikuwa unasumbua. Akaambiwa: njoo kesho. Hakuna aliyemwandikia kesho ipi.

Aliporudi mara ya nne aliketi barazani kungoja, kama alivyoagizwa. Mlinzi akamjia akamwuliza: "Wewe mzee, kila siku uko hapa. Unazurura nini?"

Hapo ndipo moyo wa jambo zima ulipo. Ofisi imemfanya mtu angoje, kisha ikamtia hatiani kwa kungoja. Ikamla nauli mara nne, ikamla bamvua nzima, ikawala watoto wake chakula cha siku hizo, na mwishoni ikampachika jina ambalo kwa haki lilikuwa lake yenyewe.

Ile maana ya asili ya kitenzi cha Waingereza sasa inatufaa. Kinachozurura ni kitu kilichopaswa kushika, lakini hakishiki. Ni jino linalolegalega. Yule mzee wa Moa hakuwa amelegalega. Alikuwa ameukaza uzi wa wavu wake huku akiyavizia maji. Aliyelegalega ni ofisa ambaye ameshikizwa kazi ya watu, mshahara anaupokea, kiti anacho, na bado kazi hiyo haishiki.

Najua baadhi ya wasomaji wangu wameanza kukunja uso. Walimu hasa watasema: mbona sisi nasi ni wa kuonewa? Ni kweli, na nasema hivyo bila ya kusita. Mwalimu wa kijijini anayefuatilia madai yake ya malimbikizo au ya uhamisho huacha darasa, hupanda basi, huketi katika benchi lile lile aliloketi mvuvi, na huambiwa njoo kesho ile ile. Siku yake moja iliyopotea huzidishwa kwa idadi ya watoto walioachwa bila somo. Lakini kwa kuwa mwalimu ameyaonja maumivu hayo, ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuyakataa. Mtoto anayefika shuleni akiwa amechelewa asipokewe kwa neno "mzururaji" kabla hajaulizwa ametoka wapi na alikuwa akifanya nini. Huenda alitoka kisimani. Neno tunalomtupia mtoto asubuhi ndilo atakalolitumia ukubwani, atakapokuwa ameketi nyuma ya meza.

Wala sisemi kwamba wavivu hawako miongoni mwa wananchi. Wako, na wazee wetu hawakuwaficha. Walituachia usemi kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Lakini tazama haki iliyomo katika usemi huo: mvivu wa kijijini njaa yake huila mwenyewe. Mvivu wa ofisini njaa yake huliwa na wengine.

Nini kifanyike? Kwanza, sheria. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, katika ardhi yetu wenyewe, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinazomwadhibu mtu kwa hali yake na si kwa tendo lake zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Popote palipobaki kifungu cha namna hiyo katika vitabu vyetu, au katika sheria ndogo za miji na wilaya, hakuna sababu ya kukihifadhi. Anayeiba akamatwe kwa wizi. Anayesimama aachwe asimame.

Pili, kila ofisi inayohudumia umma iwe na daftari la "njoo kesho". Mwananchi asirudishwe nyumbani kwa maneno matupu. Iandikwe tarehe aliyofika, sababu ya kurudishwa, tarehe atakayohudumiwa, na jina la aliyemrudisha, kisha nakala apewe mwenyewe. Daftari hilo lisomwe hadharani kila mwezi mbele ya wakubwa wa kazi na wawakilishi wa wananchi. Gharama yake ni bei ya daftari na kalamu. Wanaoliogopa watajulikana kwa wingi wa sababu watakazozitoa za kulipinga.

Tatu, sisi waandishi. Tumeliandika neno "wazururaji" mara nyingi mno, tukilinakili kutoka katika taarifa tulizopewa, bila ya kumwuliza hata mmoja wa waliokamatwa alikuwa akingoja nini. Nami ni mmoja wa walioandika hivyo. Tangu sasa, kabla ya kuliandika neno hilo, tuwe na ujasiri wa kuuliza.

Mzee yule wa Moa hakulijua hata neno moja la Kiingereza, wala hakuzijua sheria za mwaka 1349 na 1824. Alichokijua ni kwamba maji yangejaa, na yalipojaa yeye na wenzake walisukuma madau yao wakaondoka. Mgeni rasmi alifika saa nane. Hakukuta mtu ufukweni, akauliza wananchi wamekwenda kuzurura wapi.